Sabuni kwenye mashine ya presha: haivuti, au inavuta ila uchafu hautoki

Kazi yangu ni kufungua na kufunga pampu, hasa hizi mashine za presha za kuoshea za nyumbani, za umeme na za petroli. Mtu akiniletea mashine kwa sababu ya sabuni lalamiko huwa ni moja kati ya mawili, ama "fundi hii haivuti sabuni kabisa" ama "fundi inavuta vizuri tu ila uchafu uko palepale", na mara nyingi sana mashine yenyewe ni nzima. Kinachokosekana ni kuelewa ile sabuni inapita wapi na inatakiwa ifanye nini ikifika ukutani, maana wengi wanadhani presha ndo inaosha na sabuni ni kiungo cha kunogesha tu. Ni kinyume chake. Sabuni sahihi ikipewa muda, presha inabaki na kazi ya kusuuza.

Tuanze na kuvuta. Mashine nyingi za nyumbani zinaingiza sabuni baada ya pampu, siyo kabla. Pale maji yanapotokea kuna kitu kidogo kinaitwa injekta, ndani yake njia ya maji inabanwa inakuwa kijitundu halafu inapanuka tena, maji yakipita pale kwenye mbano yanaongeza mwendo na presha yake inaanguka mpaka chini ya presha ya hewa ya nje, kwa hiyo hewa inayoikandamiza sabuni kwenye ndoo ndiyo inaisukuma ipande kwenye kale kampira kembamba. Hakuna mota ya sabuni humo ndani. Ni hiyo tofauti ya presha tu, basi.

Sasa ili presha ianguke pale kwenye mbano, maji lazima yapate njia pana huko mbele. Ukifunga nozeli (kile kichwa cha mbele maji yanapotokea) yenye tundu dogo presha inajaa kuanzia kwenye nozeli kurudi nyuma mpaka kwenye injekta, na ikishajaa hapo hakuna kinachovutwa, kuna kigololi na kispringi kinaziba njia ili maji yasirudi kwenye ndoo yako. Ndo sababu ya ile nozeli nyeusi. Zile rangi kwa kawaida zinamaanisha upana wa maji: nyekundu digrii 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, nyeusi 65, lakini hiyo nyeusi siyo tu kwamba inatanua maji, tundu lake ni kubwa kuliko zote. Mtu anafunga ya kijani anasubiri sabuni ije, haiji hata akeshe. Na kama mashine yako haina nozeli za rangi ila ina ule mdomo wa kuzungusha, uzungushe mpaka kwenye presha ya chini kabisa ndo sabuni itaanza kutembea.

Hapohapo angalia vitu vidogo: kile kichujio mwisho wa kampira kimezama kweli au kinaelea juu, kampira hakana ufa (ufa hata mdogo unavuta hewa badala ya sabuni), kile kitufe cha kupunguza na kuongeza sabuni hakijafungwa. Na mpira wa presha ukiunganishwa mrefu sana unaleta shida ileile ya nozeli ndogo, maji yanasuguana njia nzima mpaka presha inajaa nyuma, kwa hiyo ondoa nyongeza ujaribu na mpira uliokuja na mashine.

Kuna mashine chache zinavuta sabuni kabla ya pampu. Hizo kuwa nazo makini mara mbili, kila unachoweka kwenye ndoo kinapita kwenye sili, valvu na pistoni zote.

Haya, inavuta. Kwanini uchafu hautoki?

Hapa kwanza kuna suala la hesabu ambalo karibu hakuna anayelifanya. Kopo limeandikwa changanya 1 kwa 40, yaani sabuni 1 kwa maji 40, mtu anachukua ndoo anachanganya 1 kwa 40 vizuri kabisa kwa uaminifu, anachovya kampira, na mashine nayo inaichanganya TENA na maji yake. Kinachofika ukutani ni maji yenye harufu ya sabuni. Injekta nyingi za nyumbani zinachanganya kati ya 1 kwa 10 na 1 kwa 20 hivi, ila usiamini kitabu, pima ya kwako, ni kazi ya dakika chache: jaza chombo lita 1 ya maji matupu, chovya kampira humo, funga nozeli nyeusi, bana triga, angalia lita hiyo inaisha kwa muda gani. Halafu elekeza maji kwenye ndoo kubwa kwa dakika 1 upime yanatoka lita ngapi. Tuseme yanatoka lita 7 kwa dakika na ile lita 1 iliisha kwa dakika 2. Maana yake katika lita 14 zilizotoka, 1 ilikuwa ya kwenye chombo na 13 ni za bombani, yaani mashine yako ni 1 kwa 13. Kwa hiyo kupata 1 kwa 40 unachanganya kwenye ndoo sabuni lita 1 na maji lita 2 tu, mashine inamalizia, inatoka karibu 1 kwa 41. Andika hiyo namba kwa makapeni ubavuni mwa mashine na usiisahau.

Na kama kopo linasema 1 kwa 5? Mashine hiyo haiwezi, hata ukiweka sabuni nzito isiyochanganywa kabisa. Hapo mimi nasema wazi bila kumung'unya, achana na injekta, chukua bomba la kupulizia la mkononi au la mgongoni, pulizia kwa mkono, subiri, halafu mashine isuuze. Kazi nyingi nzito ninazoona watu wanahangaika nazo kwa injekta zingeisha mapema kwa hilo bomba, na sabuni ingetumika kidogo.

Suala la pili ni muda. Kuna Mjerumani anaitwa Herbert Sinner, alikuwa kampuni ya Henkel, mwaka 1959 alieleza usafi kwa vitu vinne: kemikali, nguvu ya kusugua, joto na muda, na ukipunguza kimoja lazima vingine viongezeke kufidia. Angalia sasa wewe una nini ukiwa na nozeli nyeusi mkononi. Nguvu imeshuka karibu na bure, maji ni ya baridi, kwa hiyo umebaki na kemikali na muda, halafu mtu anapulizia anasuuza palepale! Amebaki na kemikali peke yake ambayo ameshaiharibu kwa kuchanganya mara mbili. Iache dakika 5 mpaka 10, ikianza kukauka pulizia tena kidogo, isikauke kabisa maana ikikauka inaacha alama na uchafu iliokuwa imeshauachanisha unagandia upya. Ndo maana usifanye kazi hii ukuta ukiwa umepigwa jua mpaka unachoma mkono. Na kama kuna brashi, isugue wakati sabuni ipo, hiyo ndo ile nguvu iliyopotea unairudisha. Gari lililojaa uchafu wa barabarani utaliona hilo vizuri, unapulizia, unasuuza, linang'aa, likikauka ukipitisha kidole bado kuna utando. Utando ule hauondoki bila kitu kuugusa.

Ukutani pulizia kutoka chini kwenda juu, suuza kutoka juu kwenda chini. Ukianzia juu sabuni inachirizika kwenye sehemu kavu ya chini ikiwa imebeba uchafu, inachora michirizi ambayo utahangaika nayo, ila sehemu ikishakuwa imelowa mchirizi unateleza tu unaenda zake.

Suala la tatu, sabuni gani. Mafuta, grisi na masizi yanataka kitu cha alkali, ndo zile za kuondolea grisi, lakini zile kali zenye kostiki zinaifanya aluminiamu iwe nyeusi na zinapausha rangi kwa hiyo rimu za gari na fremu za madirisha ziogope. Kutu na magamba meupe ya chokaa yanataka asidi, sabuni ya povu utaimwaga mpaka kesho kutu itakuangalia tu. Doa la kutu kwenye sakafu asidi ya oksaliki inalitoa vizuri (vaa glavu, ni sumu). Asidi ya haidrokloriki kwenye zege siipendi, inakula saruji yenyewe siyo uchafu tu, unamaliza sakafu imekuwa na chembechembe za mchanga juu. Na kwenye marumaru au mawe ya chokaa usipeleke asidi yoyote hata siki, inang'oa mng'ao na haurudi bila kupolishi upya. Mbao nazo zinapenda sodiamu pakaboneti, ule unga unaotoa oksijeni ukiingia kwenye maji, unaukoroga na maji ya uvuguvugu na unautumia siku hiyohiyo kwa sababu nguvu yake inaisha ndani ya masaa. Maji ya uvuguvugu nimesema ya kwenye ndoo, siyo ya kuingia kwenye pampu, mashine nyingi za nyumbani mwisho wake ni nyuzi 40.

Gari ni shampuu yake isiyo kali, basi. Sabuni ya unga weka mbali, chembe zisizoyeyuka zinaziba kichujio na kigololi, na ya vyombo inatoa povu jingi ambalo kulisuuza ni adhabu na nta iliyoko juu ya rangi inaondoka nayo.

Sasa jiki. Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote kwa sababu ya ule ukijani na weusi wa kuvu kwenye kuta na pevingi. Ni kweli jiki inaua kuvu na mwani, presha peke yake inakata juu tu, vinabaki kwenye vitundu na baada ya muda vinarudi kijani kama mwanzo. Lakini usiipitishe kwenye mashine. Watengenezaji wengi wanakataza na ukiipitisha garantii imekwisha, na mimi nikifungua hizo mashine naona sababu: oringi zimekakamaa zinakatika mkononi, kispringi cha injekta kimeliwa, shaba imegeuka rangi, hata chuma cha pua kinatobolewa vijitundu. Hata kama injekta iko baada ya pampu bado inapita kwenye injekta, mpira, bunduki (ule mshikio wenye triga) na viungio vyote. Pulizia kwa bomba la mkono, acha dakika zako 10, mashine isuuze kwa maji matupu. Nunua ambayo haijakaa dukani muda mrefu, jiki inapungua nguvu yenyewe ikikaa na joto na mwanga vinaiharakisha.

Na usichanganye. Jiki na asidi yoyote, iwe ya choo, ya kutu au siki, inatoa gesi ya klorini, hiyohiyo iliyotumiwa kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, kwenye vita ya kwanza ya dunia mwaka 1915. Jiki na amonia inatoa gesi nyingine inayochoma mapafu, na amonia siyo ya chupani tu, mkojo uliokaa unayo, kwa hiyo banda la mbwa lisuuze kwanza kwa maji mengi kabla ya jiki. Vaa miwani inayofunika macho na ujue upepo unatoka wapi. Mashine inapasua maji kuwa ukungu na chochote kilichomo unakivuta. Mimea iloweshe kabla na baada, na kama mtaro unaishia mtoni zuia yale maji yasiende huko, klorini inaua samaki.

Wale wa chupa ya povu, hiyo ni habari nyingine. Inafungwa mbele kwenye bunduki na ina mbano wake yenyewe ndani, kwa hiyo inafanya kazi kwenye presha kubwa ambayo injekta haiiwezi. Kama povu lako linatoka majimaji angalia kitundu cha ndani, zinakuja na cha milimita 1.25 au 1.1, na mashine ndogo za umeme zenye maji machache zinataka 1.1. Kama lilikuwa zito halafu likafa ni ule wavu wa ndani umeziba sabuni kavu, uloweke kwenye maji ya moto. Ila povu zito halimaanishi sabuni kali, faida yake ni kwamba linashika halichirizi, yaani linakununulia muda.

Ukimaliza kazi toa kampira kwenye sabuni ukachovye kwenye maji safi, nozeli nyeusi ikiwa bado imefungwa, iache ivute dakika 1 au 2. Watu wanaruka hii hatua kisha wiki mbili baadaye wananipigia haivuti, kumbe sabuni imekaukia kwenye kigololi ikakigandisha. Kikishaganda toa kampira, sukuma kigololi polepole kwa kijiti cha meno, kikirudi chenyewe kispringi kizima, kikigoma loweka injekta kwenye siki ya uvuguvugu saa moja ujaribu tena. Kama kigololi kinacheza vizuri, nozeli ni nyeusi, mpira ni mfupi, kampira hakavuti hewa na bado haivuti, mulika lile tundu la mbano kwa tochi, likiwa limetanuka au limechongoka pembeni hiyo injekta haitengenezeki, tafuta nyingine inayoendana na lita kwa dakika za mashine yako.