Mkaguzi si utingo

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyemsomesha Kijerumani hapa Mjini Unguja alinipigia simu kutoka Berlin, sauti imemkauka. "Mwalimu, wamenikamata." Moyo ulinipasuka. Kumbe aliyemkamata ni mkaguzi wa tiketi ndani ya treni, na alichokabidhiwa ni karatasi ya kulipa euro 60. Tiketi alikuwa nayo, ameinunua kwa pesa yake, imo mfukoni safi kabisa, haijaguswa. Basi kosa lake ndilo hilo la kutoigusa.

Nilicheka, kisha nikamtaka radhi. Somo hilo nilipaswa kumpa kabla hajapanda ndege, tena mimi mwenyewe nililipa 60 zangu kwa kosa hilohilo mwezi wangu wa kwanza kule.

Sisi tumezoea gari zetu. Unapanda 505 ya Uwanja wa Ndege au 502 ya Bububu, unajibana, utingo anakuja na sarafu zikimlia mkononi, unampa chake. Ukijisahau anakukumbusha, na gari nzima inasikia. Boti ya Dar nayo, tiketi inatazamwa kabla hujakanyaga ndani. Kwetu nauli ni deni ambalo mwenyewe yupo na analidai. Stesheni za treni za chini ya ardhi za Berlin hazina geti wala mtu wa kukudai. Unashuka ngazi, mlango wa treni unafunguka, unakaa. Mgeni akiuona ukimya ule hudhani kaambiwa karibu.

Sasa hiyo tiketi. Ile ya karatasi ya safari moja, mara nyingi ukishainunua unatakiwa uitie kwenye kijimashine kiigonge muhuri wa saa na mahali. Kijerumani kitendo hicho kinaitwa "entwerten", yaani kuiondolea thamani. Wanafunzi wangu hulishangaa neno hili: vipi tiketi ianze kufaa pale inapoondolewa thamani? Lakini lifikirie vizuri. Tiketi isiyogongwa bado ni nzima, unaweza kuitumia kesho na keshokutwa. Ukikaa nayo kwenye treni bila ya muhuri, kwa macho ya mkaguzi umekaa bure na akiba yako ipo mfukoni. Na kwa treni za Berlin vijimashine hivyo viko jukwaani, nje. Milango ikishafungwa umechelewa. Kwenye basi na tramu viko ndani.

Mtego wa pili unawangoja wanaoshuka ndege. Berlin imegawanywa kanda tatu, A, B na C, na uwanja wa ndege uko C. Mtu ana mabegi mawili na usingizi wa safari, anabonyeza tiketi ya AB kwa kuwa ndiyo anayoiona mwanzo, anaigonga muhuri vizuri, anakaa kwa amani. Huyo naye hana tiketi sahihi. Halafu tiketi ya safari moja inadumu saa mbili, kwa kwenda upande mmoja tu. Ukienda sokoni ukarudi kwa ileile, hata kama dakika hazijaisha, umeshatoka kwenye masharti.

Wakaguzi wengi huvaa nguo za kawaida. Utawaona wamesimama kama abiria, mlango ukifungwa wanatoa vitambulisho: "Die Fahrscheine, bitte," yaani tiketi, tafadhali. Hapo ndipo abiria wetu huanza kueleza, kwa sababu utingo huelezeka. Mkaguzi hauzi tiketi wala hapangi bei. Na usijaribu kununua kwa simu baada ya kumwona. Tiketi ya simu inaonyesha saa iliponunuliwa. Una haki ya kuomba kuona kitambulisho chake, na usitoe pesa taslimu bila ya risiti. Kukimbia ndiko kubaya zaidi, maana wanaweza kukuzuia mpaka polisi wafike kukutambua.

Hizo euro 60 sote tunaziita faini, na kisheria si faini. Jina lake ni "erhöhtes Beförderungsentgelt", yaani nauli iliyopandishwa. Ilikuwa 40 hadi mwaka 2015. Kwa kuwa ni nauli, hakuna anayeuliza ulikusudia au hukukusudia. Lililopo ni kuwa ulipanda bila ya tiketi halali. Ndiyo maana "sikujua" haisaidii kitu, na wala hawakuiti mwizi.

Jinai ina mlango wake. Kifungu cha 265a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinamhusu anayekusudia kusafiri bila ya kulipa, na adhabu yake ni faini ya mahakama au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Kwa kawaida mambo hufika huko kwa anayekamatwa tena na tena. Wapo watu wanaolala jela kwa kushindwa kulipa faini hizo, na tangu Desemba 2021 upo mfuko wa hisani, Freiheitsfonds, unaowalipia watoke. Kwa rai yangu sheria hiyo inawabana mafukara zaidi ya wakaidi. Lakini wewe uliyekwenda kwa kibali cha kusoma, usijipime nayo.

Nafuu ipo moja. Mwenye tiketi ya mwezi yenye jina lake, akiisahau nyumbani, ana wiki moja ya kwenda kuionyesha, na zile 60 hushuka hadi 7. Kwa anayekaa kule, tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na sasa, 2026, ni 63, inamwondolea habari za mihuri na kanda zote. Ila ni ya mtu mmoja, utembee na kitambulisho, na haipandi treni zile za mwendo kasi za masafa marefu.

Jana mama wa yule kijana alinikuta Darajani, amejitanda kanga mpaka machoni. Kasikia mwanawe "kakamatwa Ulaya". Akaniuliza kama asome Yasini. Nikamwambia, mama, soma, lakini kwanza mwambie alipe kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi.