Nani Anapata, Nani Anapoteza: Namna ya Kusoma Uanaume katika Vitabu, Matangazo na Habari

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu taswira ya mwanamume katika riwaya, aghalabu huorodhesha sifa: ni jasiri, ni mkali, ndiye kichwa cha nyumba. Sifa hizo huzitoa katika maneno ya wahusika wenyewe, na hapo ndipo anapopotea. Mhusika anaweza kuhubiri uanaume wa mabavu tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho, ilhali kitabu kizima kinampinga. Kosa la kinyume nalo lipo: filamu humpa mwanamke maneno makali ya ukombozi, kisha ikamwadhibu kwa kuyasema. Anayetaka kujua msimamo wa kazi kuhusu jinsia aache kwanza kauli, afuate matokeo. Baada ya mhusika kutenda alilotenda, anapata nini? Anapoteza nini? Nani anabaki naye?

Okonkwo, katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, ni mfano mzuri kwa sababu husomwa vibaya mara nyingi. Wasomaji wengi humchukua kama kielelezo cha mwanamume wa Kiafrika. Lakini mwandishi anatuonyesha waziwazi kinachomsukuma: hofu ya kufanana na baba yake, Unoka, mpiga filimbi aliyekufa na madeni. Ikemefuna, kijana aliyetolewa fidia na kijiji kingine, ameishi katika boma la Okonkwo miaka mitatu na anamwita baba. Inapoamuliwa kwamba kijana huyo auawe, mzee Ezeudu anamwonya Okonkwo asitie mkono wake katika kifo hicho. Anakwenda hata hivyo, na kijana anapomkimbilia akilia, Okonkwo ndiye anayemmaliza kwa panga, kwa kuogopa kuonekana mnyonge. Sasa hesabu matokeo. Mwanawe Nwoye anamkimbia na kujiunga na wamishonari. Yeye mwenyewe anajinyonga, na watu wa ukoo wake hawaruhusiwi hata kuugusa mwili wake. Hiyo si sifa kwa ubabe hata kidogo.

Zaidi ya hayo, katika riwaya hiyohiyo kuna kisa kifupi ambacho wengi hukipita mbio. Mzee Ndulue amekufa, na mkewe Ozoemena akafuata siku hiyohiyo. Obierika, rafiki wa Okonkwo, anaeleza kwamba wawili hao walikuwa na nia moja, na mzee hakuwa akifanya jambo bila kumwambia mkewe. Okonkwo anashangaa; alidhani Ndulue alikuwa mtu wa nguvu ujanani. Anajibiwa kwamba alikuwa hivyo kweli, na aliongoza vita. Kurasa chache tu, lakini ndani yake mna aina nyingine kamili ya uanaume, katika jamii ileile na zama zilezile. Anayesema kwamba "mila yetu" ilijua mwanamume wa namna moja tu asome hapo tena.

Tungo za kale za pwani zinahitaji subira ya aina hiyo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu mwaka 1858, humfundisha binti kwamba zipo radhi tano anazopaswa kuzipata: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Ukiishia hapo, umesoma utiifu mtupu. Lakini endelea: binti anaambiwa amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Nani basi ana akili na mamlaka katika picha hiyo? Wahakiki hawajakubaliana, na si lazima wakubaliane. Muhimu ni kwamba aliyeishika kalamu, anayetoa maagizo na kuamua kipi kirithiwe, ni mwanamke.

Kwa anayefundisha darasa au kuongoza kikundi cha wasomaji, njia inayofaa ni jedwali la safu tano: mhusika ni nani, anafanya kazi gani, anaamua nini, anazungumza na nani, anaishia wapi. Lijazeni watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Mnapotofautiana ndipo penye mjadala wenye maana, kwa hiyo msiharakishe kupatana. Safu ya tatu ndiyo huwa ngumu zaidi. Wanafunzi huandika kwamba mama "anapika" kana kwamba ni uamuzi. Kupika ni kazi, ilhali uamuzi ni kusema ada italipwa au shamba litauzwa. Vichanganye viwili hivyo na jedwali lote litakudanganya.

Kuna pia jaribio la Bechdel, lililotokana na katuni ya Marekani ya mwaka 1985: kazi iwe na wanawake angalau wawili, wazungumze wao kwa wao, na mazungumzo yawe juu ya jambo lisilo mwanamume. Ni chujio jepesi. Hupima kuwapo tu, halipimi heshima. Tunapendekeza liongezewe pacha wake: je, kuna wanaume wawili wanaozungumza kuhusu hofu, ugonjwa au malezi ya mtoto bila mmoja kumcheka mwenzake? Tamthilia nyingi za runinga zitafeli hapo, na wavulana wetu huzitazama jioni baada ya jioni.

Kwa matangazo ya biashara, zima sauti. Tazama tangazo la sekunde 30 mara moja likiwa bubu, uandike nani amesimama na nani ameketi, nani ameshika pesa, nani ameshika dekio. Kisha tazama tena ukiwa na sauti, usikilize hasa sauti ya mwisho inayotoa hukumu ya kitaalamu. Katika tangazo la sabuni, mikono inayofua inaweza kuwa ya mwanamke na sauti inayothibitisha ubora ikawa ya mwanamume. Tangazo moja halithibitishi chochote. Kusanya 20 kabla ya kutamka neno. Katikati ya jiji la Nairobi zoezi ni rahisi zaidi: simama kituo cha Odeon nusu saa uhesabu nyuso zilizochorwa kwenye matatu, na kando ya kila uso uandike anafanya nini. Ukihesabu nyuso bila kuandika kitendo, utabaki na idadi isiyosema kitu.

Kanuni za matangazo nazo zinaweza kuingilia. Nchini Uingereza, tangu tarehe 14 Juni 2019, matangazo yenye dhana za kijinsia zenye madhara yamepigwa marufuku. Miongoni mwa ya kwanza kuondolewa ni tangazo la jibini lililowaonyesha akina baba wakizubaa hadi watoto wachanga wakabebwa na mkanda unaozungusha vyakula mgahawani. Walioumbuliwa hapo ni wanaume, na uamuzi ulikuwa sahihi: baba anayechorwa kama asiyeweza kushika mtoto anapokonywa jambo la thamani.

Video fupi za simu ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi. Kijana wa miaka 14 anaambiwa ajikaze kisabuni, mwanaume ni effort, wanawake wote wanataka pesa. Kumkaripia hakufai, atatazamia kwa mwenzake. Keti naye mtazame hadi mwisho, kisha shukeni pamoja kwenye maelezo ya chini. Kuna kozi inayouzwa? Kuna namba ya kulipia? Mwenye video anapata nini kijana huyu akizidi kuwa na hasira? Mvulana akimwona mfanyabiashara nyuma ya mhubiri, huanza kuuliza maswali yake mwenyewe.

Katika vyumba vya habari, pengo linajulikana kwa tarakimu. Ufuatiliaji wa kimataifa wa vyombo vya habari wa mwaka 2020 ulikuta wanawake ni asilimia 25 tu ya watu wanaozungumziwa au kuhojiwa katika habari. Mwaka 1995 walikuwa asilimia 17. Lakini namna ya kuandika inaumiza kuliko idadi. Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Chukua kichwa kama hiki: "Auawa baada ya kukataa kurudiana na mpenziwe." Mtendaji ametoweka, na kukataa kwa marehemu kumegeuzwa chanzo. Kabla ya hukumu huwezi kumwita mtu muuaji, lakini unaweza kuandika: "Polisi wamkamata mwanamume kuhusu mauaji ya mwanamke Kasarani." Ondoa katika habari maelezo ya mavazi ya marehemu, saa aliyotoka nyumbani na picha zilizochotwa mtandaoni.

Mwanamume aliyepigwa anastahili uangalifu uleule. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake na asilimia 27 ya wanaume wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili tangu wafike miaka 15, kutoka kwa mtu yeyote, si mwenzi wa ndoa pekee. Hata hivyo, habari ya mume aliyepigwa nyumbani mara nyingi huandikwa kama kichekesho, na mtangazaji wa asubuhi hufungua simu watu wacheke. Mhariri aisome taarifa hiyo akibadilisha jinsia ya mwathiriwa. Sentensi yoyote ambayo angeona haya kuichapisha kuhusu mwanamke ikatwe. Chini ya kila habari ya ukatili, yeyote aliyeumia, iwekwe namba ya msaada ya Kenya kwa walioathiriwa na ukatili, 1195, inayopigwa bila malipo mchana na usiku.