Kwa nini kuchemsha hakuui bakteria wote

Swali ninaloulizwa sana na wanafunzi wangu wa maikrobiolojia ni hili: wali umechemka mpaka ukaiva, bakteria waliomtapisha mtu wametoka wapi? Walikuwemo tangu mchele ukiwa guniani.

Bacillus cereus ni bakteria wa udongoni. Anapokula na kugawanyika, moto humuua upesi: protini zake hufumuka na kugandamana kama ute wa yai kikaangoni. Lakini chakula kikipungua, hujenga spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi, ndani ya seli yake, kisha seli yenyewe hupasuka na kuiacha spora peke yake.

Hapo ndipo penye ufundi wote. Kiini cha spora hupunguzwa maji kwa kiasi kikubwa, na protini iliyokosa maji hufumuka kwa shida sana. Nafasi ya maji huchukuliwa na asidi ya dipikoliniki iliyoshikana na kalsiamu; hiyo pekee huweza kufikia asilimia 10 ya uzito mkavu wa spora. Protini nyingine ndogondogo huifunika DNA na kuikinga. Spora haili wala haikui. Inangoja tu.

Basi sufuria ikichemka, spora nyingi hubaki salama, na joto lenyewe huziandaa kuamka. Wali ukiachwa mezani upoe polepole, spora huota na bakteria huzaana. Aina fulani hutoa sumu ya kutapisha iitwayo sereulidi, nayo haiharibiki kwa kupasha kiporo moto. Ndiyo maana nasisitiza: wali uliobaki utandazwe kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili.

Mwanafizikia John Tyndall alipambana na tatizo hilihili huko Uingereza mwaka 1877, akitumia maji yaliyolowekwa nyasi kavu. Alichemsha, akasubiri spora ziamke, akachemsha tena kabla hazijatengeneza spora mpya. Njia yake inafanya kazi, ila ni ya subira.

Siku hizi maabara na hospitali hutumia otoklevu: mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi, kwa kawaida dakika 15 au zaidi. Kuipima, huwekwa ndani spora za Geobacillus stearothermophilus, sugu kupita nyingi, kisha hupelekwa kwenye joto zinalolipenda. Zikiota, vifaa vyote vya mzigo ule havitumiki.