Lebo iliyozaliwa kwa ajili ya bendi moja

Kazi yangu ni fundi mitambo wa studio, na santuri ya kwanza ya Alligator Records, lebo (kampuni ya kurekodi) ya muziki wa blues ya Chicago, siichoki. Ni magitaa mawili, dramu na sauti ya mtu mmoja, basi. Gitaa la besi halipo kabisa. Brewer Phillips anajaza pengo hilo kwa nyuzi nene za gitaa lake la kawaida, Ted Harvey anatwanga dramu, na Hound Dog Taylor, kiongozi na mwimbaji wa bendi, anatelezesha chuma cha kidoleni juu ya gitaa la Kijapani la bei rahisi, lililochomekwa kwenye ampu, yaani kikuza sauti, yenye spika zilizochanika. Ule mkwaruzo ndio muziki wenyewe. Fundi ambaye angeusafisha angeiua bendi.

Jumapili mchana walikuwa wakipiga muziki Florence's Lounge, baa ya Wamarekani Weusi kusini mwa Chicago. Bruce Iglauer, kijana Mzungu aliyefungasha na kutuma santuri katika lebo ya Delmark, alimwomba bosi wake, Bob Koester, awarekodi. Koester hakukubali. Basi mwaka 1971, akiwa na miaka 23, Iglauer akachukua dola 2,500 za urithi, akaiingiza bendi studio kwa jioni mbili, akatoa nakala 1,000.

Kilichofuata ndicho ninachokiheshimu zaidi. Enzi hizo redio nyingi za FM za Marekani ziliwaachia watangazaji wajichagulie nyimbo. Iglauer akapakia maboksi ya santuri kwenye gari, akaenda mji kwa mji, akiingia stesheni moja baada ya nyingine. Watu ambao wasingekanyaga ile baa maisha yao yote wakamsikia Hound Dog wakiwa nyumbani. Mauzo yakalipia santuri iliyofuata, ya Big Walter Horton na Carey Bell, kisha ya Son Seals, kisha ya Fenton Robinson.

Na Koko Taylor, mwanamke mwimbaji wa blues! Lebo ya Chess, iliyomfanya ajulikane, iliuzwa mwaka 1969 na baadaye ikasambaratika. Mwimbaji mwenye sauti kama ile akabaki bila pa kurekodi. Alligator ikamtolea albamu mwaka 1975. Hakuhama tena. Albamu yake ya mwisho, ya mwaka 2007, ina nembo ileile, miaka miwili kabla ya kufariki.