Je, wajua kwa nini rafiki mmoja mgeni anaweza kugeuza msimamo wako kuhusu wahamiaji?

"Wageni wametujazia mji, warudishwe kwao! Ila yule fundi wangu cherehani, Mkongo, yule aachwe. Yule mwenzetu."

Maneno ya namna hii utayasikia kijiweni popote, na ndani yake kuna fumbo ambalo wataalamu wamelihangaikia miaka mingi.

Mwaka 1988, watu zaidi ya 3,800 wa Ufaransa, Uingereza, Uholanzi na Ujerumani Magharibi waliulizwa wanawaonaje wahamiaji, na kama wana marafiki wa taifa, rangi au dini nyingine. Mwanasaikolojia Mmarekani, Thomas Pettigrew, alichambua majibu hayo na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1997. Kuwa na jirani mgeni au kufanya naye kazi kulisaidia kidogo tu. Urafiki ndio uliokuwa na nguvu. Tena ulivuka mipaka: aliyezoeana na watu wa jamii moja alilegeza moyo hata kwa jamii nyingine asizozijua.

Utasema, lakini si watu wapole ndio wanaotafuta marafiki wageni tangu mwanzo? Ni kweli kwa sehemu. Ndiyo maana mimi huwapenda zaidi mabaharia wa Marekani waliochunguzwa miaka ya 1940. Baharia hajichagulii wa kupanda naye merikebu. Hata hivyo, kadiri Mzungu alivyosafiri safari nyingi pamoja na weusi, ndivyo chuki yake ilivyopungua. Walikuwa na kazi moja na hatari moja. Wahenga wetu walishalionja jambo hili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Ni nini hasa kinachobadilika moyoni? Wengi hudhani ni elimu, kwamba ukijua mila za mtu utamwelewa. Mwaka 2008 Pettigrew na mwenzake Linda Tropp walikusanya tafiti nyingi na kukuta maarifa yana mchango mdogo. Kinachofanya kazi kubwa ni hofu kupungua, na kuanza kuona mambo kwa macho ya mwenzako. Ukimsindikiza rafiki kwenye foleni ya kibali tangu alfajiri, akarudishwa kwa sababu ya karatasi moja, "sera ya uhamiaji" haibaki maneno ya redioni tena. Ina uso, na ina njaa ya saa nane mchana.

Tukirudi kwa yule wa kijiweni, fundi kwake amekuwa "mwenzetu", si Mkongo tena. Amemtoa kwenye kundi, na kundi amelibakiza na hofu yake ile ile. Ili wema umfikie na Mkongo asiyemjua, inabidi fundi apendwe huku akikumbukwa kuwa ni Mkongo: lafudhi yake, kanisa lake, mboga yake ya sombe. Anayemwambia "wewe si kama wale" hudhani amemsifu.