Liverpool haikuzaliwa nyekundu

Kila jezi mpya ikitoka, vibanda umiza vya Dodoma nzima ugomvi ni uleule: wameharibu, klabu kubwa haibadili rangi, ona Liverpool, wekundu tangu siku ya kwanza. Tulieni kidogo wazee, hiyo siyo kweli. Liverpool ilianza 1892 na jezi za bluu na nyeupe, ndio, bluu, rangi ambayo leo ni ya majirani zao Everton, nyekundu ikaja miaka michache baadae na hata hapo bukta ilibaki nyeupe miaka na miaka. Huo wekundu wa juu mpaka chini ni wa kocha Bill Shankly, 1964, alimvalisha kwanza Ron Yeats, beki jitu la watu, bukta nyekundu, akamtazama, akaona mbona anatisha zaidi, basi wakaingia hivyo kucheza na Anderlecht ya Ubelgiji.

Juventus nao walikuwa pinki mpaka 1903, mistari yao nyeusi na nyeupe imetoka kwa klabu ya Notts County ya Uingereza.

Sisemi tumeze kila kitu jamani. Cardiff City ya Wales walibadilishiwa bluu yao kuwa nyekundu 2012 na mwenye timu, mashabiki wakakomaa, Januari 2015 bluu ikarudi.