Mkulima Haulizi Kama Mvua Itanyesha

Ujumbe wa sauti uliingia alfajiri, wa sekunde 19. Nyuma ya sauti jogoo anawika na mtu anachota maji. "Mtaalamu, samahani kwa kukuamsha. Jana jioni nimetia mbolea ya kukuzia, ile nyeupe. Leo naangalia juu sioni hata wingu. Ndiyo nimeshaiharibu?"

Siku hiyo ya jana mfumo wetu wa kuwatumia wakulima ushauri wa hali ya hewa kwa simu ulikuwa umemtumia utabiri. Ulisema kutakuwa na "hali ya ukavu kwa ujumla, na vipindi vya mvua nyepesi katika maeneo machache". Hauna kosa hata moja. Mtaalamu yeyote wa hali ya hewa angeutia saini. Mkulima aliusoma, akaona neno "mvua", akabeba ndoo ya urea akaenda shambani.

Urea ina tabia zake. Punje zikibaki juu ya udongo wenye unyevu kidogo na jua likawaka, zinageuka amonia, na amonia inapotelea hewani. Ikinyesha mvua ya milimita 10 hadi 15 ndani ya siku moja au mbili, mbolea inazama kwenye mizizi na kazi imekwisha. Ikinyesha ya kugharikisha, inasombwa yote hadi bondeni. Huyu hakuwa na haja na mawingu. Alitaka kujua afanye nini asubuhi ile na jembe aliloshika. Nikamjibu kwa sauti vilevile: hujaiharibu, nenda ukaifukie sasa hivi kabla jua halijakolea, udongo wa vidole viwili vitatu unatosha. Akarudisha alama ya kidole gumba.

Tangu hapo, kila nikiandika ujumbe wa hali ya hewa kwa mkulima huwa najiuliza: huu unamwambia afanye nini, au aache kufanya nini? Nikikosa jibu, hautoki. Wenzangu waliosomea mambo ya anga kama mimi hawaipendi kanuni hii, maana inatupa kapuni nusu ya tunayoyajua. Mimi nimeshazoea.

Watu wakisikia ninafanya kazi hii, huanza kwa kuuliza ni programu gani. Mkulima mdogo hapakui programu mpya kwa ajili yetu. Anatumia ile ile ambayo ndugu zake wanamtumia picha za harusi, na sisi tunamfuata humo. WhatsApp ina sharti linalowashtua wageni wa kazi hii: ukiwa huduma, unaongea na mtu kwa uhuru ndani ya saa 24 tu tangu alipokuandikia mara ya mwisho. Zikipita, unabaki na violezo vilivyokwisha kupata idhini. Kwa hiyo tahadhari ya mvua ya mawe tunaiandika miezi kadhaa kabla ya mvua yenyewe, tukiacha nafasi tupu za siku na mahali. Wenye vitochi tunawapata kwa meseji za kawaida, au kwa simu: mtu anabipu, mfumo unakata, halafu unampigia na kumsomea ushauri kwa lugha yake bila yeye kulipa. Nilidhani hii itakuwa ya wasiojua kusoma. Kumbe hata wanaosoma vizuri wanaipenda, hasa wakiwa na matope mikononi.

Kwenye meseji ya kawaida unapewa herufi 160. Kiswahili kina bahati hapo, hakina vikorombwezo juu ya herufi, hivyo nafasi zote 160 ni zako. Isipokuwa siku tuliyotuma tahadhari kwa wafugaji yenye neno "ng'ombe". Aliyeiandika alitumia kompyuta, na kompyuta ikaipinda yenyewe ile ritifaa, yaani alama iliyo kati ya "ng" na "ombe", kama ilivyo kawaida yake. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye orodha ya herufi za meseji, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamishiwa mfumo mwingine wa herufi, nafasi zinashuka hadi 70, na ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Ujumbe wetu wa herufi 150 ukawa vipande vitatu, gharama mara tatu, na kwenye baadhi ya simu kipande cha mwisho ndicho kilichotangulia. Mtu anafungua meseji anakuta "mpaka Jumamosi jioni", basi. Siku hizi kila ujumbe unapita kwenye kichujio kinachonyoosha ritifaa kabla haujatoka. Mwenzangu mmoja alisema tungeandika "mifugo" tu yakaisha, wala hakukosea.

Lakini herufi zina dawa. Asilimia ndizo zinazonitoa jasho. Utabiri wa kisasa hautokani na hesabu moja. Kompyuta hupiga hesabu ya anga mara nyingi, kila mara ikianzia hali iliyotofautiana kidogo sana na ile ya kwanza. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kwa mfano, hufanya hivyo mara 51. Hesabu 30 kati ya hizo zikileta mvua, ndipo unaposikia kuna uwezekano wa karibu asilimia 60. Niliwahi kukaa na kikundi cha wakulima nikawauliza wao wanaelewaje maneno "asilimia 60 ya mvua kesho". Mmoja akasema itanyesha zaidi ya nusu ya siku. Wa pili akasema ni mvua ya kiasi, si kubwa wala si ndogo. Mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Maana yake hata nyinyi hamjui." Kati ya wote, huyo ndiye aliyekaribia.

Tukaziacha asilimia. Sasa tunaandika hivi: "Katika siku kumi zinazofanana na kesho, sita hunyesha, nne hukauka." Ni maneno mengi na yanakula nafasi, ila sijaona aliyeyageuza kuwa saa za mvua.

Msemo mwingine uliotutesa ni "chini ya wastani". Utabiri wa msimu huchukua miaka ya nyuma, aghalabu 30, na kuigawa mafungu matatu yaliyo sawa: ya mvua nyingi, ya kiasi na ya mvua chache. Kabla hujajua lolote kuhusu msimu unaokuja, kila fungu lina theluthi yake. Ukiambiwa kuna asilimia 45 ya mvua chini ya wastani, mzani umeinama kidogo tu, na asilimia 55 bado ziko kwenye mafungu mengine mawili. Mkulima yeye anasikia "ukame". Anauza mbegu, anakodisha shamba. Msimu ukija kuwa mzuri anabaki anatazama mahindi ya mwenzake yakirefuka kwenye shamba lake mwenyewe, na hapo usitegemee atafungua ujumbe wako tena.

Na swali linaloongoza kwa kuulizwa, kwa sauti, kwa maandishi, hata kwa picha ya shamba tupu isiyo na neno, ni lile: nipande?

Mvua ya kwanza inajulikana kwa ulaghai. Inanyesha siku mbili, udongo unanukia, majirani wote wanatoka na majembe, mbegu inachipua, kisha jua linapiga wiki mbili mfululizo na miche inajikunja kama sigara. Katika fani yangu kigezo kimoja kinachotumika sana cha kuanza kwa mvua kinasema hivi: zinyeshe angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, na katika siku 30 zinazofuata pasiwe na kiangazi kifupi kinachozidi siku saba. Sehemu ya kwanza mkulima haihitaji simu kuijua, anachimba tu na kuona unyevu umefika wapi. Ya pili haichimbiki. Mshahara wetu uko hapo.

Mwaka 2025 Wizara ya Kilimo ya India iliwatumia wakulima wapatao milioni 38 meseji zenye utabiri wa kuanza kwa mvua za monsuni, uliotengenezwa kwa akili mnemba na kuangalia wiki kadhaa mbele. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wamegawa utabiri wa kuanza kwa monsuni vijijini katika jimbo la Telangana, wakafuatilia watu walifanya nini nao. Waliopata habari mbaya kuliko walivyotarajia walipunguza eneo la kulima. Waliopata habari njema kuliko walivyotarajia waliongeza matumizi ya pembejeo. Yaani utabiri ule ule ulimfanya mmoja aongeze na mwingine apunguze, kulingana na alichokuwa nacho kichwani kabla. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kutuma chochote kuhusu msimu, tunaanza kwa kumuuliza mtu: wewe unaonaje, mvua zitawahi au zitachelewa? Jibu lake linatuongoza namna ya kumwandikia.

Lalamiko tunalolipata kuliko yote ni hili: "Mlisema mvua. Kwangu hakikudondoka kitu, ng'ambo ya kijito imenyesha." Naamini kila neno. Mifumo ya utabiri hugawa dunia katika miraba. GraphCast, mfumo wa utabiri wa akili mnemba wa Google DeepMind uliochapishwa 2023, hufanya kazi kwa miraba yenye upande wa kilomita 28 hivi. Utabiri wa kawaida wa ECMWF hushuka hadi kilomita 9. Mvua ya ngurumo ya nchi za joto inaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Kijito kile na pande zake zote mbili vimo ndani ya mraba mmoja. Tunamweleza hivyo bila kuzunguka. Mara nyingi analipokea, kwa sababu ameiona mvua ikiishia kwenye mpaka wa shamba tangu utotoni.

Sasa akili mnemba ya kuongea, ambayo tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 kila mfadhili anaitaka. Zipo huduma zilizojengwa kwa wakulima hasa, kama Farmer.Chat ya shirika la Digital Green. Siibezi. Zamani tulikuwa na menyu: bonyeza 1 kwa mahindi, 2 kwa maharage, ukikosea, rudi mwanzo. Leo mtu anaongea anavyoongea na bwana shamba. Ila wakati wa majaribio mkulima wetu mmoja aliandika "mahindi yangu yameshika kutu", akimaanisha ule ugonjwa wa majani, na mashine ikamshauri kwa adabu zote ayahifadhi mahali pakavu na kupaka mafuta. Ikabidi tukae wiki nzima na wakulima tukikusanya majina wanayoyatumia kwa kila ugonjwa na kila mdudu, na bado tunaongeza.

Kosa lile lilichekesha. Lililonikosesha usingizi lilikuja na picha ya jani la mahindi lenye matundu, na swali: "Nipige dawa gani?" Mashine ikasema ni viwavijeshi vamizi, ikataja dawa, ikataja na mililita za kuchanganya kwa kila lita. Kiwavi mwenyewe hakuwamo kwenye picha. Kipimo kilikuwa cha dawa nyingine. Sentensi zilinyooka kuliko ninavyoandika mimi.

Viwavi hawa, waliothibitishwa kuingia Afrika mwaka 2016, wana alama zao: mchoro kama herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na madoa manne meusi yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Matundu ya majani peke yake yanaweza kuwa ya wadudu wengi. Tukaweka masharti mawili. Mashine hairuhusiwi kutaja kipimo chochote ambacho hakimo neno kwa neno kwenye mwongozo uliopitishwa. Kikikosekana, swali linakwenda kwa bwana shamba na mkulima anaambiwa limekwenda kwa nani. Na kabla ya kutaja mdudu inaomba: "Fungua moyo wa mmea, mtoe, piga picha kichwa kikionekana." Baadhi ya watu hawarudi na picha ya pili, na wafadhili huiona kama hasara kwenye takwimu zao. Mimi naona kuna dawa kadhaa ambazo hazikununuliwa bure.

Picha ikishakuja na kiwavi akathibitika, mfumo unaangalia utabiri kabla ya kujibu. Kiwavi hujificha ndani ya moyo wa mmea jua linapokuwa kali, kwa hiyo dawa hupigwa jioni au asubuhi mapema. Kukiwa na dalili ya mvua usiku, itaoshwa kabla haijafanya kazi, na ushauri unakuwa ni kusubiri siku moja na kuua kwa mkono wale wanaoonekana. Taarifa ya mvua hapo inaingia ndani ya jibu la wadudu, na mkulima hapati meseji mbili za kuziunganisha mwenyewe.

Kitu cha mwisho tulichoongeza ni kuuliza baada ya mvua. Kesho yake tunatuma: "Kwako ilinyesha? 1 ndiyo, 2 hapana." Walio tayari kusaidia tumewaomba watege kopo lenye pande zilizonyooka mahali peupe, mbali na miti na paa, na asubuhi wapime maji kwa rula. Milimita moja kwenye kopo ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya shamba, hesabu ambayo haihitaji chombo cha kisasa. Majibu yao ndiyo tunayoyatumia kupima ni wapi utabiri wetu unakosea zaidi.

Wiki iliyopita utabiri ulisema siku saba kati ya kumi. Mmoja wa wapimaji wetu wa muda mrefu akajibu kwa sauti, sekunde 6: "Imenyesha, ila kopo limeangushwa na mbuzi." Kwenye daftari la siku hiyo imeandikwa: mvua ndiyo, kiasi hakijulikani, mbuzi.